Upole wa Kumi na Tisa

Mchana mmoja Mama alifunua sufuria ili aonje chumvi, na mkono wake ukabaki juu na mfuniko. Mvuke ulipanda, ukapita usoni pake, ukatokea dirishani. Mkono haukutetemeka. Kitinda, binti yake wa mwisho, alikuwa mlangoni na beseni la vyombo. Aliona mchuzi unakaribia kushika chini, akapunguza moto, akarudi kwenye vyombo vyake.

Sebuleni Baba alikuwa anasikiliza redio. Shangazi, dada yake Baba, aliyekuja kutembea na hajaondoka, alikuwa anamweleza Baba kile ambacho redio imetoka kusema. Kaka alikuwa anapiga pasi shati huku simu ameibana begani. Kaka alipotoka kwenda kazini, Shangazi akasinzia, Baba naye akazima redio, ndipo mfuniko ukashuka. Mama akaonja, akaongeza chumvi.

Hali hiyo haikumwanza siku moja. Tangu Kitinda apate akili zake, Mama alikuwa mtu wa kusema, "Anzeni nyie, mimi nitakula." Ogeni nyie. Laleni nyie, mimi nafunga mlango. Kila aliposema hivyo alizidi kuwa mzito kidogo, kama saa ya ukutani ambayo betri yake inakwisha, hadi ikawa nyumba ikichangamka yeye anasimama kabisa. Watu wa nyumba walizoea. Walimpita ubavuni akiwa amesimama ukumbini na ufagio. Siku za kufua Shangazi alimtundika taulo mkononi, na si kwa dharau, ila kamba ya nje ilikuwa imejaa.

"Wifi yangu huyu hana makuu," alikuwa akisema. "Hata ukimtundika shuka hasemi kitu."

Kitinda aliishia darasa la saba. Nafasi ya kuendelea ilikuwa ya mtu mmoja na Kaka alikuwa mbele yake, kwa hiyo Mama alimwambia, "Ngoja mwenzio amalize." Kaka alimaliza, akasomea mambo ya kompyuta, na sasa alikuwa msimamizi wa mashine kubwa ya ofisi moja mjini. Kitinda ndiye aliyempelekea chakula cha mchana. Alivuka barabara kwenye jua kali na sweta mkononi, maana chumba cha mashine kilikuwa na baridi ya kugonganisha meno.

Siku moja Kaka alikula huku macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta, na Kitinda naye akaangalia. Mistari ilikuwa inapanda na kushuka.

"Hivi vinavyorukaruka ni nini?"

"Kazi. Kila mstari kazi moja. Unaona kama mashine inazifanya zote kwa pamoja, lakini ni ujanja tu. Prosesa, ule ubongo wa mashine, inampa huyu kidogo, inamnyang'anya, inampa yule. Hapa inaonyesha nani anakula kiasi gani. Huyu wa juu, mlafi huyu, asilimia tisini."

"Na huyu wa chini ana sifuri. Amekufa?"

"Hajafa, anangoja. Kila kazi ina namba ya upole. Namba ikiwa ndogo, chini ya sifuri kabisa, inatangulia wenzake. Ikiwa kubwa, inawapisha. Huyo ana kumi na tisa, ndiyo mwisho wa upole. Wenzake wakitulia anapata prosesa nzima, anakimbia kama mtu mwingine yeyote. Shida ni kwamba hawatulii."

Kitinda alifuta kijiko. "Huyo ni Mama," akasema.

Kaka hakubisha. "Nilishamwona," akasema, akaendelea kutafuna.

"Sasa si umpunguzie?"

"Hapa naweza, kwa sababu mamlaka ya mashine ninayo mimi. Mtumiaji wa kawaida anaweza kujiongezea upole, kupunguza hawezi. Hata ule aliojiongezea mwenyewe. Ukishapisha, umepisha. Wa kukurudisha ni mwenye mashine peke yake."

"Nyumbani mwenye mashine ni nani?"

Kaka alicheka puani. "Unaniuliza mimi? Mwenye redio unamjua."

Kitinda asingejisumbua kama Mama asingekuwa ameanza sentensi. Neno la kwanza, "Wanangu," lilimtoka asubuhi moja wakati wa chai. La pili lilikuja siku nyingi baadaye, mvua ilipowafungia wengine huko walikokuwa. Lilikuwa "kifuani." Shangazi alisema ni ufunguo wa kabati, kwamba wifi yake ameuficha kwenye sidiria na sasa anataka kuwaambia. Kitinda aliutafuta ufunguo akaukuta kabatini. Kisha akaanza kuangalia mikono ya Mama. Kila aliposimama, mkono wa kulia ukiwa na ufagio au kikombe, wa kushoto ulikuwa umepanda hadi chini ya kwapa, ukabaki hapo.

Akamwendea Baba.

"Baba, Mama ana jambo anataka kusema."

"Aseme."

"Hapati zamu. Mpaka wewe umwambie atangulie."

Baba alishusha redio kidogo, jambo ambalo hakulifanya kwa kila mtu. "Kwani nani kamzuia?" akauliza. "Mimi nimemzuia? Mtu ana mdomo wake, ana nyumba yake. Anataka kusema, si aseme?" Alikuwa anauliza kweli. Kisha sauti ya redio ikapanda.

Ikabaki kuwatuliza. Jumapili moja baada ya chakula aliwaomba wakae bila kufanya kitu chochote. Kaka alikubali kwa sababu alijua Kitinda anajaribu nini. Baba alikubali kwa sababu alikuwa ameshiba. Shangazi alisema kunyamaza si kazi, yeye angeweza kunyamaza mpaka kesho, kuna wakati kwao alinyamaza hadi majirani wakaja kugonga mlango, na alikuwa bado anaeleza habari hiyo Kitinda alipomwekea kidole mdomoni. Wakakaa. Inzi mmoja akatembea mezani.

Mama, aliyekuwa amesimama na bakuli tangu kabla ya chakula, alipumua. Aliweka bakuli chini na kutembea kwa miguu myepesi kama ya msichana, kwani nyumba nzima ilikuwa yake. Aliwatazama mmoja mmoja.

"Mbona mmekaa hivyo? Mmeshiba?"

Akakusanya sahani. Akafuta meza. Akaokota soksi ya Kaka, akachungulia kikombe cha Baba na kukijaza chai. Kitinda alimwangalia akiimaliza zamu yake yote kwao, akashindwa kuvumilia.

"Mama, malizia. Kifuani kuna nini?"

"Ee," Mama akasema, kama mtu aliyekumbushwa chungu jikoni. "Kuna uvimbe, una—"

Simu ya Kaka ikalia. Ofisini mashine ilikuwa imezidiwa.

"Pokea kwanza, mwanangu," Mama akasema, "yangu yatangoja." Mdomo wake ukabaki wazi. Kaka alipokea. Baba akauliza sukari iko wapi.

Kesho yake Kitinda alimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa jirani, maana njia yote ilikuwa na watu na Mama asingepiga hatua. Walifika alfajiri, wakawa wa kwanza kwenye benchi. Wakaja wenye haraka, kila mmoja akamwinamia Mama na kumwambia, "Samahani mama, naomba nipite," na Mama, ambaye hakuweza kujibu, akahesabiwa kuwa amekubali. Foleni ilimpita kama maji yanavyopita jiwe. Kitinda alipogombana na mmoja, aliambiwa mwenye zamu mwenyewe hajalalamika. Jioni nesi alikuja kufunga dirisha. Alimtazama Mama, akampangusa vumbi begani.

"Wa hivi tunao wengi," akasema. "Mlete siku ambayo hakuna watu, dada."

"Siku gani hakuna watu?"

Nesi alifikiri kwa uaminifu. "Hakuna," akasema.

Walirudi tena na tena, mpaka Mama akawa wa kulala kitandani tu. Uvimbe haukuwa na upole wowote. Ulikua nyumba ikiwa na kelele, ukakua ikiwa kimya.

Siku ya harusi ya jirani, wengine wote walikwenda. Kitinda alibaki. Alifunga madirisha, akazima jiko, akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda. Hakusuka wala hakujikuna. Akapunguza hata kupumua. Mama akafungua macho na kuendelea pale alipokuwa ameachia.

"—niuma sana," akasema, "lakini si haraka."

Sentensi ikawa imekwisha. Mama aliivuta shuka hadi shingoni, akaunyoosha vizuri mkunjo uliokuwa pembeni, akafa. Alifanya yote hayo kwa mwendo wa kawaida wa watu.

Msibani Baba aliwaambia waombolezaji kwamba marehemu hakusema. Angesema, wangejua la kufanya. Wazee walitikisa vichwa, wakakubali kwamba watu wapole ndivyo walivyo. Shangazi alilia kwa sauti, na alikuwa analia kweli. Hakujua tena taulo atalitundika wapi.

Siku ya tatu wageni walipopungua, Kitinda alipika. Baba alikuwa amewasha redio, kwa sauti ya chini kwa ajili ya msiba. Kaka aliingia jikoni akiwa na haraka ya kurudi kazini.

"Wewe umekula?" akamuuliza.

"Anzeni nyie," Kitinda akasema, "mimi nita—"

Upawa ulibaki juu ya sufuria. Tone la mchuzi lilijikusanya kwenye ncha yake, likaanguka. Kaka aliusubiri kidogo. Kisha akatazama saa, akapitisha sahani yake chini ya mkono wa dada yake, akajipakulia.