Saa ya Treni, Saa ya Maji

Kwa watu wa Kataki, mtaa wa Kalemie, shahada ya masta ya utafiti katika informatika ya matumizi ilikuwa na maana moja tu: kutengeneza simu. "Yaya Huguette, simu yangu imekufa," walimwambia kila asubuhi, yaya kwao ni dada. Huguette aliwaeleza kwamba yeye hatengenezi simu, anafundisha kompyuta kutabiri lini ziwa litapanda, maana miaka hii ziwa limezoea kuingia nyumbani kwa watu bila hodi. Walimwangalia kwa huruma, kisha wakamwachia simu. Naye aliitengeneza.

Namba za utafiti wake zilitoka kwenye makaye, yaani madaftari, kumi na moja ya jirani yake, Papa Onésime, mstaafu wa reli. Kwa miaka ishirini na miwili mzee huyo alikuwa amepima maji bandarini, kwa kusoma rula ya chuma iliyofungwa kwenye nguzo ya gati. Huguette alichapa vipimo elfu tatu mia nane, mstari kwa mstari: tarehe, sentimita. Kwenye nafasi ya saa aliweka saa moja ya asubuhi kwa vyote, kwa sababu ofisi zote anazozijua hufunguliwa saa moja. Kama kuna mtu ndani, hiyo ni habari nyingine.

Lakini namba hazikutaka kukaa sawa. Leo maji yako juu, keshokutwa yameshuka vidole viwili, halafu yamepanda tena, na mvua hakuna. Kompyuta ilijifunza miezi mitatu, ikaishia kutabiri kama mlevi anayeelekeza njia. Jumatano Profesa Urbain, promota wake wa Lubumbashi aliyesimamia utafiti, akampigia.

"Mademoiselle, namba zako ni chafu. Ijumaa nafunga orodha ya memware za kumaliza masta. Uniletee kitu kinachosimama, ama utachukua ile kazi ya programu ya kugawa viti vya amphi."

Kugawa viti. Huguette, aliyefeli mtihani wa kuingia masta mara mbili na mara ya tatu akaenda hivyo hivyo na malaria yake, aliketi kitandani akawaza viti vya ukumbi wa mihadhara. Kisha akavuka barabara.

Papa Onésime alikuwa anapigilia misumari kwenye stuli.

"Papa, unisamehe. Siku zingine ulikuwa unaandika bila kuangalia?"

Nyundo ikashuka taratibu. "Na wewe pia?"

"Mimi pia namna gani?"

"Shefu wangu Sébastien alikuwa ananiuliza mbele ya watu: Onésime, unapima ziwa ao unapima chupa? Mimi, muntu ambaye hata bia ya ndoa naipatia jirani. Anasema namba zangu zinaruka. Namujibu, mukubwa, maji njo yanaruka. Gati nzima inacheka. Miaka ishirini na mbili, mutoto yangu."

Huguette alitamani ardhi ya Kataki imfiche. Ili kubadilisha mazungumzo akauliza kama haikuwa taabu kufika gatini kila mara saa moja asubuhi.

"Saa moja nimupimie nani?" Mzee alicheka mpaka stuli ikaanguka. "Tunapima treni ikiingia. Meli inangojea mizigo, sasa lile daraja la mbao la kupakilia mizigo lazima ulipandishe ao ulishushe kufuata maji. Treni ikiingia saa nane ya muchana, napima saa nane. Ikiingia alfajiri, alfajiri. Na treni ya Kabalo unaijua. Ilikuwa inafika ikipenda."

"Saa ya treni uliandika wapi?"

"Ukurasa wa kushoto."

Kurasa za kushoto. Huguette alikuwa ameziruka zote, makaye kumi na moja, akidhani ni mambo ya reli.

Alhamisi nzima Papa Onésime alisoma saa kwa sauti ya kutangaza treni, Huguette akachapa. Jua lilipoanza kupoa, aliondoa kupanda na kushuka kwa maji kunakoletwa na mvua za masika, akaiambia kompyuta isahau tarehe, ipange vipimo vya kiangazi kwa saa ya siku.

Nukta zikaanza kutua. Zilianza chini kushoto, zikapanda pamoja kama watu wanaokwea mlima wa Kirungu, zikafika juu, zikateremka upande wa pili. Ulikuwa mgongo mmoja mpana, laini, wa kitu kikubwa kilicholala na kupumua.

Huguette aliondoa mikono kwenye mashini, kama mtu aliyemgusa mnyama gizani. Ziwa lenye urefu wa kutoka Burundi hadi Zambia lilikuwa likisukumwa na upepo kila siku, likiinama, likirudi, na habari yake yote ilifika Kalemie kama vidole viwili kwenye nguzo. Na mtu aliyeiandika alichekwa.

"Papa," alisema, "haukukosea hata siku moja."

Papa Onésime aliangalia kioo cha kompyuta, akavua kofia.

Ijumaa asubuhi Huguette alimpigia profesa, akamweleza. "Unaweza kuliona kwa macho, ama ni kompyuta inaota?"

"Sijui, Profesa."

"Nenda ukalione. Orodha nitaifunga jioni."

Wakaenda gatini. Papa Onésime alikwangua kutu kwenye rula, akaifunga pembeni yake chupa ya plastiki aliyoitoboa kitako, ili ndani yake maji yasitikiswe na mawimbi. Walisoma kila nusu saa. Saa tatu, saa nne: hakuna kitu. Saa sita, nusu kidole. Upepo ulikaza, wavuvi wakawatania kwamba wanavua kwa chupa. Saa tisa maji yalikuwa yamepanda vidole viwili, kimya kimya. Saa kumi na moja yalikuwa yameanza kushuka.

Huguette alituma picha za vipimo vyote. Jibu lilikuja upesi: "Viti vya amphi nitamupatia mwingine."

Alitaka kuruka, lakini aliona mzee bado anaangalia ile chupa.

"Nipatie simu," alisema Papa Onésime. Akapiga namba aliyoijua kwa kichwa. "Shefu Sébastien? Ni Onésime. Njo mimi. Uko Moba bado? Shuka kando ya maji, uchomeke fimbo. Hapana, sijalewa. Kwetu yamepanda na yameshuka. Kwenu yanafanya nini hatujui, ile njo tunataka kujua."

Akamsogezea Huguette simu, wasikilize wote. Kule Moba, bandari ya kusini, mlango ulifunguliwa, kisha zikasikika hatua za mtu mzima kwenye kokoto, zikishuka.