Paka Aliyepewa Edah

Miaka ile miwa ilipandwa mpaka mlangoni. Hapa Ekero mtu aliyebakiza mti uani alionekana mjinga, na Priscah hakubakiza hata kichaka. Alijenga nyumba ya mabati, na nyuma yake ghala la mahindi lenye paka watano wa kukamata panya. Sebuleni aliweka kiti chenye kitambaa cha maua, kikimngoja mama mkwe wake, Namalwa.

Namalwa hakukikalia. Kila asubuhi alipita na fimbo yake, akamsalimu Priscah kwa adabu zote, kisha akaenda kunywa chai kwa Edah, mke wa mwanawe mdogo. Edah mwenye nyumba ya nyasi na vikombe vya bati! Alichokuwa nacho ni mti mmoja, umejaa ndege wa manjano wanaosuka viota na kupiga kelele tangu alfajiri.

“Hawa walikuwanga kwa boma ya mama yangu,” Namalwa alisema, na uso ukamchangamka kama wa msichana.

Priscah aliona wivu. Yeye ndiye mke wa mwana mkubwa. Yeye ndiye aliyemuuguza mama huyo alipovunjika mguu. Leo anashindwa na ndege!

Jumapili moja baada ya kanisa alimtia guniani paka wake hodari kuliko wote, yule mweusi mwenye sikio lililokatika, akampelekea Edah.

“Mama Protus, naona panya ni mingi kwako. Chukua hii paka. Inashikanga sana.”

“Haki asante, dada,” Edah akasema, machozi yakimlenga. Hakuwahi kupewa kitu na Priscah.

Haikupita wiki, manyoya ya manjano yakatapakaa chini ya mti. Priscah aliyaona akienda kisimani, akatembea kwa madaha.

Lakini jioni paka alirudi ghalani. Mwenye akili angemfukuza. Priscah alimfikiria akiramba maziwa ya Edah, akijisugua miguuni pa Edah, na moyo ukamchoma upya. Hata paka? Akamwekea kisahani cha maziwa, na kesho yake tena. Paka akawa anawinda kwa Edah, analala kwa Priscah.

Ndege wakahama, wakabaki wawili watatu. Asubuhi moja Namalwa hakupita, alisimama mlangoni pa Priscah.

“Kwa Edah kumenyamaza sana,” akasema. “Nipee chai hapa.”

Priscah almanusura akimbie. Akamkalisha kwenye kile kiti, akamtilia sukari vijiko vitatu. Namalwa alipomeza funda la kwanza, Priscah alifurahi, akaikimbilia birika kumwongezea.

Ndipo paka akaingia, mdomoni amebana ndege wa manjano. Alimpita Namalwa, akamlaza ndege juu ya kiatu cha Priscah, akakaa akingoja maziwa.

Namalwa alilitazama sikio lililokatika.

“Si hii ndiyo paka ulipatia Edah?”

“Ndiyo, Mama. Inarudinga tu.”

“Na wewe unailishanga.”

Namalwa aliweka kikombe mezani, akamwokota ndege, akamfunga kwenye ncha ya leso yake.

“Hawa wanajenganga wakati ya mvua tu,” alisema. “Mvua ikiisha ningehamia kwako, Priscah. Edah nilikuwa nimeshamwambia.”

Akachukua fimbo yake, akatoka. Paka akapanda kwenye kiti cha maua, akajikunja pale palipobaki joto.