Mgongo wa Watu wa Bango

Jumanne saa nne asubuhi, fundi cherehani alikuwa akifupisha suruali ya mlinzi wa jengo la maduka. Mlinzi alisimama nje ya pazia na kaptura yake, akiendelea kulinda. Duka la fundi lilikuwa chini ya ngazi za umeme, ambazo zilikufa miaka mitatu iliyopita na hakuna aliyezililia. Kati ya maduka sitini, tisa tu ndiyo yaliyobaki wazi, na mawili kati ya hayo yalifunguliwa kwa mazoea.

Nje, mwekezaji alikuwa ametundika bango lenye picha ya jengo litakavyokuwa: vioo, chemchemi, na watu arobaini na mmoja wanaotabasamu. Mahali pa duka la fundi pamechorwa mti ndani ya chungu. Duka lile lilisomesha watoto watatu na kumzika mume, na fundi hakuwa na jingine.

Mlinzi alipokuwa akifunga zipu, mwanamke wa gauni la njano akaingia kutoka kwenye bango. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu, ukipunga. Mbele alikuwa nadhifu, nyuma alikuwa karatasi nyeupe, kwa kuwa hakuna aliyelipwa kumchora mgongo.

"Shikamoo, mama. Naomba unishonee upande wa nyuma. Tunashindwa kukaa."

"Marahaba. Geuka nikupime."

Kufikia Ijumaa walikuwa wamekuja wote. Hakuna hata mmoja aliyeomba kupunguziwa bei, jambo lililoonyesha wazi kwamba hawakuwa watu wa mtaa ule. Wifi yake fundi, mwenye saluni ya jirani, alikuja kuchungulia na kitana mkononi.

"Wifi, unawashonea wanaokuja kukuhamisha?"

"Wewe una wateja wangapi leo?"

"Usinichokoze."

"Basi niachie wangu."

Jumamosi ulikuwa mkutano wa wadau. Kanuni ilisema jengo halivunjwi mpaka wadau wengi wakubali, na mdau ni yeyote anayelitumia jengo na anayeweza kukaa kitini mpaka mkutano uishe. Kanuni hiyo ilitungwa na watu waliopenda kukaa. Mara mbili kabla ya hapo watu wa bango walihudhuria, na mara mbili waliteleza chini ya viti wakafutwa kwenye orodha. Hayo fundi hakuambiwa. Alivaa gauni lake la harusi za watu, akaja na wenzake wanane kupinga, akakuta viti vimejaa migongo aliyoishona mwenyewe.

Meneja wa jengo aliwaomba wanaounga mkono wanyooshe mikono. Watu wa bango hawakusumbuka. Mikono yao ilikuwa juu tangu wachorwe: huyu anapunga, yule anaonyesha duka la simu, mwingine ameinua mfuko. Meneja alihesabu mara mbili, kwa ajili ya haki.

Fundi alimwinamia mwanamke wa njano. "Binti, shusha mkono."

"Siwezi, mama. Ndivyo nilivyochorwa."

"Kwani unataka duka langu livunjwe?"

Mwanamke aliwaza huku akitabasamu, maana hakuwa na uso mwingine. "Sina neno na duka lako. Mimi nilikuwa napunga tu."

"Umejipalia makaa, wifi," alisema mwenye saluni walipotoka. "Na mishono yako ilivyo imara, hakuteleza hata mmoja."

Jumatatu wavunjaji walifika na nyundo, wakakuta foleni mlangoni kwa fundi. Watu wa bango walikuwa wameonja kukaa, sasa kila mmoja alitaka kiuno kilegezwe. Msimamizi wa wavunjaji alikuwa mtu wa adabu, hakutaka kuwaangushia wateja wa mradi ukuta.

"Bado wangapi, mama?"

"Saba."

Akakaa kwenye ngazi, akasubiri. Fundi aliwashonea wote saba vizuri, kwa sababu kushona vibaya hakukujua, na jambo hilo lilimuuma kuliko kura. Alipomaliza, msimamizi alimsaidia kutoa cherehani nje, kisha akaanza kuvunja ukuta wa duka lake.

Mwanamke wa njano, aliyekuwa wa mwisho, alikuwa bado amesimama hapo. Aliuliza watampata wapi fundi siku mishono ikifumuka, maana katika bango lote hakuchorwa hata mmoja. Fundi alitazama vumbi likitulia juu ya cherehani, akalifuta kwa kiganja, akamjibu kwamba hajui.