Mikono ya Msimu wa Korosho

Mtu akikwambia mwanawe analala usiku kucha, mpe hongera uondoke zako, usije ukamzaba kibao bure. Mimi nilifika huko. Mama Rahima, jirani yetu hapa Kitangari, alipita uani asubuhi na mjukuu wake mgongoni, kalala fofofo, akaniuliza, "Mama Cyril, mbona macho mekundu hivyo, umelia?" Nikamwambia sijalia, hata nguvu za kulia sina. Akacheka mpaka mtoto akatikisika mgongoni, na bado hakuamka.

Wangu mimi, Cyril, alikuwa hajatimiza miezi mitatu. Nilikuja kumzalia kwa mama yangu, kama tunavyofanya huku kwa mtoto wa kwanza, na baba yake Anderson akabaki Masasi kwenye gereji. Chumba chetu cha Masasi ni kimoja, dirisha linatazama choo cha wapangaji, na kutwa nzima ningekuwa peke yangu humo na mtoto. Nikasema hapana, nakaa kwa mama mpaka mtoto akaze shingo, na hata akishakaza nitatafuta sababu nyingine.

Mwanzoni, jamani, mambo yalikuwa matamu. Kila jioni Cyril akishaogeshwa, mama alikaa mkekani kanyoosha miguu, mtoto kamlaza juu ya mapaja, na mafuta ya nazi yamewekwa karibu na jiko yapate uvuguvugu. Alianzia kwenye nyayo. Akapanda miguuni, mapajani, akazunguka tumbo taratibu, akaja kifuani na mikononi, halafu akamgeuza mgongo. Huku anamwimbia kwa Kimakonde, wimbo usio na maana yoyote, jina la Cyril limechanganywa na majina ya kuku wake. Mtoto anafumba jicho moja, anajikaza, anafumba la pili. Akitoka hapo ni kunyonya kidogo na kulala, na mimi nalala mpaka naota.

Kisha msimu wa korosho ukaingia, na mama yangu ni mbanguaji. Kila mwaka anaweka uani karai lake lililotobolewa matundu, anakaanga korosho, yale mafuta makali ya ganda yanashika moto na moshi mweusi unatufukuza wote. Zikipoa anakaa na kigogo chake anazigonga moja moja, anatoa punje, na punje hizo anazipeleka stendi ya Newala kwa wasafiri. Kazi hiyo ndiyo iliyonivisha sare za shule, kwa hiyo sina ubaya nayo. Vidole vyake vinakuwa vyeusi toka Oktoba mpaka mwaka mpya, na hakuna anayevishangaa, maana nusu ya wanawake wa huku wana vidole hivyo hivyo.

Na ndipo Cyril alipoacha kulala.

Hakuwa analia kilio cha njaa, hicho nakijua. Alilia kwa kujinyonganyonga, kakunja magoti, kakunja ngumi, sauti inakwaruza. Nikimlaza analia, nikimbeba analia, nikikaa naye chini analia. Akisinzia ni kwa kuishiwa, kidogo tu, halafu anashtuka kama mtu aliyefinywa. Mama alikuwa anamwonea huruma sana. Alipolia zaidi, mama alimkanda zaidi. Akaanza kumkanda na mchana pia, anaacha korosho, ananawa, anakuja. "Lete huyo, nimnyooshe," anasema. Na mimi namkabidhi upesi, nikishukuru kwamba kuna mikono mingine duniani.

Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Mama Rahima alisema ni mchango, yale maumivu ya tumbo ya watoto wachanga. Mwingine akasema maziwa yangu yana joto, nipunguze pilipili, nami pilipili nilikuwa nimeshaisahau ladha yake. Mwingine akasema kuna mtu kamtazama vibaya. Vipele vikamtoka mapajani na mgongoni, vyekundu, ngozi ikaanza kubambuka. Nikampeleka zahanati. Nesi akauliza tunampaka nini, nikasema mafuta ya nazi, akasema tuache mafuta kwanza, akanipa krimu. Basi tukaacha mafuta, kweli, na mama akawa anamkanda kwa ile krimu.

Jumapili Anderson akapiga simu. Akamsikia mtoto nyuma yangu.

"Bado tu?" akauliza.

"Bado."

"Mama yangu anasema huko mtoto anaharibika. Jumamosi nakuja kuwachukua."

"Mtoto siyo nyanya, Anderson, aharibike," nikamwambia. Lakini nilipokata simu nilikaa chini, palepale nilipokuwa nimesimama. Masasi. Kile chumba. Cyril akilia hivi ndani ya kuta nne, mimi peke yangu toka asubuhi mpaka jioni, na wapangaji wakigonga ukuta. Niliogopa. Nasema wazi, nilijiogopa hata mimi mwenyewe, maana kuna nyakati nilikuwa namweka Cyril kitandani kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Kama hakulala kabla ya Jumamosi, nilikuwa sina la kumjibu baba yake.

Mama alinikuta nimekaa hivyo. Alichukua mkeka akautandika kivulini mwa nyumba, akanawa mikono, akasema, "Njoo ulale hapa."

"Na Cyril?"

"Cyril kasinzia. Njoo wewe. Kwani wewe si mtoto?"

Nikalala kifudifudi. Akanikanda shingo, akanikanda mabega, akabonyeza palepale palipokuwa panauma, bila kuelekezwa. Machozi yakanitoka yenyewe yakalowesha mkeka. Sikumbuki nililala saa ngapi. Nilipoamka jua lilikuwa limeshageuka, na mama alikuwa amembeba Cyril anatembea naye huko kwenye mihogo ili nisisikie kelele.

Kesho yake niliamka shingo inawaka moto. Nilidhani nimelalia vibaya. Nikavaa gauni, kola ilipogusa nikaruka. Nikachukua kioo cha mama, nikajipinda, nikatazama bega. Kulikuwa na mistari myekundu, imevimba, imekaa sambamba, na mmoja mnene pembeni. Nilitazama kwa muda mrefu kama mjinga. Halafu nikaweka kiganja changu mwenyewe juu yake, na kila kidole kikapata mstari wake.

Nikamfunua Cyril. Mapajani ilikuwa vivyo hivyo, ila imepita moja juu ya nyingine mara nyingi mpaka imekuwa kitu kimoja. Tulikuwa tunaiita vipele.

Mama alikuwa uani, kigogo mkononi, lundo la korosho mbele yake. Vidole vyeusi mpaka kwenye kucha. Kando yake kopo la majivu, anachovya vidole kila baada ya kugonga, kama anavyofanya siku zote, kama bibi yangu alivyofanya. Wanasema majivu yanakata yale mafuta ya ganda. Labda yanakata kwa mtu mzima aliyeota sugu.

"Shikamoo Mama," nikasema, kwa sababu hata ukiwa na hasira salamu inatoka.

"Marahaba, mwanangu. Umelala?"

"Mama, usimguse tena Cyril."

Akacheka, akidhani ni utani wa asubuhi. "Nani, mimi?"

"Wewe. Mikono yako inamuunguza. Tazama." Nikavuta gauni begani nikamwonyesha.

Akasimama, akanyoosha mkono aniguse, nikarudi nyuma. Hapo ndipo alipoacha kucheka.

"Mimi nanawa," akasema. "Nanawa kwa majivu, na kwa sabuni. Maji yenyewe ni ya kuteka mbali, lakini nanawa."

"Mafuta ya ganda hayatoki! Kila siku analia unamkanda, analia unamkanda, na mimi nakukabidhi kama zuzu!" Nilikuwa napiga kelele. Mama Rahima alichungulia. "Mtoto ameungua mama, ameungua mwili mzima!"

"Mbona wewe nilikukanda?" akauliza kwa sauti ndogo. "Nilikukanda kwa mikono hiihii."

"Mimi nilizaliwa masika. Masika kulikuwa na korosho gani?"

Alitazama vidole vyake, akavifuta kwenye kanga, akavitazama tena. Nikaingia ndani, nikamwaga ile krimu na yale mafuta, maana vyote vilikuwa vimechovywa vidole vile. Nguo za mtoto nikazifua zote, na nikamwogesha Cyril kwa ndoo nzima ya maji, sikujali nani atakwenda kuteka nyingine. Aliyekwenda ni mama. Alikwenda bila kuagizwa, akarudi na ndoo kichwani, akaitua mlangoni, hakuingia.

Siku zilizofuata zilikuwa hivyo. Alipika, akafagia, akateka maji, lakini mwenyewe hakumkaribia mtoto. Mimi nilikuwa nimechoka hata kuomba radhi, na hasira ilikuwa haijaisha vizuri. Ngozi ya Cyril ikaanza kutulia, wekundu ukafifia. Lakini kulala bado. Alikuwa ameshazoea kwamba jioni ni wakati wa kuumizwa, nikimvua tu nguo anaanza kukaza miguu.

Alhamisi jioni nikaamua kumkanda mwenyewe. Mama Rahima alinipa chupa ya mafuta mapya. Nikakaa mkekani, nikanyoosha miguu kama mama, nikamlaza mapajani. Akanitazama, akajua kinachokuja, akapasua yowe. Nikampaka miguu upesi upesi nimalize. Akazidi. Nikaigonga chupa kwa kiwiko, mafuta yakamwagika kwenye gauni.

"Unamkanda kama unga," sauti ikasema.

Mama alikuwa kasimama mlangoni, mikono kaiweka nyuma.

"Basi nifanyeje?" nikafoka. "Niambie wewe unayejua!"

"Acha kwanza. Usimpake. Shika nyayo tu, zikae viganjani mwako zipate joto. Usizisugue."

Nikazishika. Zilikuwa ndogo, zimekunjika. Cyril alilia bado.

"Mwache alie. Wewe pumua. Umebana mabega, na yeye anabana."

Nikashusha mabega. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Kilio kikapungua kikawa kulalamika. Mama akasema panda sasa, kidole gumba katikati ya unyayo, polepole. Akasema pale penye wekundu paruke, nenda tumboni, zungusha kama unavyofuta sahani. Siyo huko, upande huu. Usiinue mikono yote miwili kwa pamoja, mmoja ubaki umemshika, asidhani umeondoka. Nilifanya. Nikiangalia mlangoni niliona mabega yake mwenyewe yanacheza, yanafuata kila nilichofanya, na mikono bado iko nyuma.

"Mwimbie," akasema.

"Nimwimbie nini?"

"Chochote. Hana anachokielewa."

Nikaimba majina ya kuku. Sauti yangu ilikuwa mbaya, ya kukauka. Cyril akafumba jicho moja. Akajikaza. Akafumba la pili.

Nilimnyonyesha akiwa usingizini, nikalala naye hapohapo mkekani, na niliposhtuka ilikuwa jua limetoka na maziwa yamelowesha gauni lote. Nikamshika kifuani nione kama anapumua. Anapumua. Kalala tu, mdomo wazi, kama mlevi. Nikampigia Anderson nikamwambia asije Jumamosi, aje siku nyingine kutuona, lakini kutuchukua bado. Akataka kubishana. Nikamwambia asikilize, nikaisogeza simu karibu na mtoto. "Sisikii kitu," akasema. Nikamwambia ndicho hicho hicho ninachomwambia asikilize.

Nikatoka nje kumtafuta mama. Uani hakukuwa na moshi. Kigogo hakipo, lundo la korosho halipo, na pale karai linapokaa kulikuwa na duara jeusi ardhini. Mama alikuwa kaegemea ukuta wa jiko, mikono mapajani, imezungushiwa kanga kuukuu mpaka kwenye vifundo vya mikono, na fundo limefungwa ovyo, fundo la mtu aliyefunga kwa meno.

"Shikamoo Mama. Karai liko wapi?"

"Marahaba. Nimempa Mama Rahima. Abangue yeye mwaka huu."

"Na stendi?"

"Stendi haihami."

Msimu ulikuwa ndio kwanza umeanza. Nikaonyesha ile kanga. "Na hiyo?"

"Mpaka ngozi hii ibambuke ije nyingine," akasema. "Nimeifunga nisije nikasahau. Jana alipokuwa analia nilikuwa namfuata, mikono inakwenda yenyewe."

Nikachuchumaa mbele yake. Nilitaka kumwambia anisamehe kwa kelele zile, mbele ya jirani, lakini badala yake nikanyoosha mikono nimfungue lile fundo, niishike mikono yake tu, basi. Akairudisha haraka, akaificha chini ya kwapa.

"Usinishike," akasema. "Sasa hivi utakwenda kumshika mtoto."

Ndani Cyril akaamka, akalia kilio cha njaa, kile ninachokijua. Nikamwona mama ameshanyanyuka nusu, mwili mzima umeelekea mlangoni. Kisha akakaa tena chini.

"Nenda," akasema. "Anakuita."

Nikaenda nikamchukua, nikarudi naye palepale jikoni. Nikakaa karibu na mama, bega langu lenye mistari limegusana na bega lake, nikamlaza Cyril mapajani mwangu anyonye. Mama akainama juu yake, mikono bado kaificha kwapani, akaanza kumwimbia majina ya kuku.