Kioo cha Upande wa Hasina

Kwa siku arobaini na ushei dirisha la mlango wa kushoto wa pikapu ya Mwinyihaji lilizibwa kwa nailoni na selotepu. Gari likishika mwendo nailoni ilipigapiga kwa kelele, naye hakuisikia. Wateja wake wa makuti kule Diani walimwambia, "Mwinyi, tia kioo, bwana, mvua hiyo inakuja," akajibu, "Inshallah," akaendelea kushusha makuti. Hakuwa mkaidi. Kila alichoambiwa alikikubali, kisha kikapita.

Aliyemtoa nyumbani Jumapili ile ni mama mkwe wake, Bi Mwanaima. Hitima ya arobaini ya Hasina, bintiye, ilikuwa imesomwa jana yake. Masufuria ya pilau yalikwisha rudishwa kwa wenyewe na wageni wameondoka Msambweni. Bi Mwanaima alikunja mswala wake, akamwambia mkwewe huku ameelekeza uso ukutani, kama alivyozoea kuzungumza naye tangu siku ya harusi:

"Leo narudi Majoreni, mwanangu. Nitamchukua Hadiya. Mtoto wa kike wa miaka sita halelewi na baba peke yake. Na sheria yenyewe inasema mama akiondoka, bibi mzaa mama ndiye wa kwanza."

"Ndiyo, mama."

"Lakini hatasafiri na hiyo nailoni. Kifua chake ni kile kile cha mamake. Tutakwenda Ukunda kwanza utie kioo, nami nimnunulie viatu. Kisha utatupeleka."

"Sawa, mama."

Mwinyihaji alichukua mfuko wa nguo za mwanawe akautia nyuma ya pikapu, kando ya mfuko wa bibi. Hakutaka Hadiya aende. Neno hilo alikuwa nalo, na alijua liko wapi, kama mtu anavyojua kisu chake kiko droo gani. Ila mkono wa kulichukua haukuinuka. Tangu mazishi alikuwa hivyo. Aliswali vipindi vyote vitano, akarukuu, akasujudu, akatoa salamu kulia na kushoto, na kila alipoinuka alijua ametimiza la wajibu, wala hakukumbuka kama alizungumza na yeyote.

Karakana ya Menza, fundi wa vioo na milango ya magari, ilikuwa nyuma ya kituo cha petroli. Menza alifuta mikono kwenye kaptula yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Karibu kiti." Akaigusa nailoni kwa kidole. "Ee Mwinyihaji! Umeitia pikapu buibui?"

Hadiya alicheka. Mwinyihaji aliona kwamba watu wanacheka, akatoa meno kidogo.

Kioo kililetwa na Elijah, mtu wa bara aliyeuza vipuri vya magari yaliyokatwa, duka lake likitazamana na karakana. Alikibeba kwapani kama gazeti.

"Boss, hii ni original kabisa. Ilikuwa ya gari ya mzungu wa Diani. Hajawahi hata kufungua dirisha, alikuwa anaogopa vumbi."

Menza alikipokea, akakiinua juani, akakirudisha. "Elijah, hiki ni cha kulia."

"Si unageuza tu?"

"Nikikigeuza, mbinuko utaingia ndani. Wewe nikikugeuza, hilo tumbo litakaa mgongoni?"

"Wacha madharau, fundi. Niko na ingine." Elijah akaondoka akinung'unika, Hadiya akimfuata kwa macho kuona tumbo linavyokwenda.

Menza alikaa chini na bisibisi. Alitoa mkono wa kupandishia kioo, akafungua skrubu za mpini wa ndani, akapitisha bapa la chuma pembeni na kuubandua ubao wa mlango. Klipu ziliruka moja moja. Aliutikisa mlango, na ndani, chini kabisa, kukasikika mchakacho kama wa chumvi ya mawe kwenye kopo. Akaingiza mkono wenye glavu, akatoa konzi ya vipande vya kioo vidogo vidogo, akageuka kuvitupa kwenye pipa la taka.

"Usitupe!" Bi Mwanaima alikuwa amekwisha inuka. "Hivyo havitupwi. Nipe hapa."

Menza alisimama na konzi yake. Ndipo alipoona kwamba baadhi ya vipande vina rangi nyeupe.

"Palikuwa pameandikwa nini, mama?"

"Mashaallah. Marehemu mume wangu aliandika mwenyewe, kwa brashi, siku aliponunua gari hili. Lina jina la Mwenyezi Mungu. Huwezi kulichanganya na maganda ya machungwa." Akakalia kigoda kando ya mlango, akatandaza upindo wa leso yake mapajani. "Nitilie humu. Chenye rangi na kisicho na rangi, vyote. Mimi sitachagua."

Menza akamimina. Mwinyihaji naye akachutama upande wa pili, akawa anaokota vilivyoanguka mchangani. Alikuwa hajakaa karibu hivyo na mama mkwe wake miaka minane. Hadiya alipewa kazi ya kutafuta vilivyojificha chini ya gurudumu, kwa macho tu, asivishike.

"Nani huyu aliyehangaika na waya hapa?" aliuliza Menza, kichwa kikiwa ndani ya mlango. "Rangi yote imechunwa ukingoni. Mwizi?"

"Ni mimi," alisema Mwinyihaji.

"Ulifungia ufunguo ndani?"

"Ndiyo."

"Basi ulijisumbua bure, kaka. Tazama." Menza alikibonyeza kitufe cha kufungia mlango, kisha akakivuta juu. "Hiki kichuma kinachokwenda kwenye kufuli kimepoteza klipu yake. Ukibonyeza, kufuli linafunga. Ukivuta, kitufe kinakuja peke yake, kufuli halina habari. Na kutu hii ni ya miaka. Ungevuta kwa waya mpaka kesho usingefungua. Ilikuwa ni kuvunja tu."

Alisema hivyo kama fundi anavyosema, akarudi kwenye kazi yake. Elijah alikuwa akimwita kutoka dukani aje achague kioo mwenyewe, wasije wakasumbuana tena. Menza akavuka njia.

Mwinyihaji alibaki amechutama na kipande cha kioo kiganjani.

Siku ile ya waya ilikuwa Ijumaa. Alifika nyumbani amechelewa, adhana ya pili inasikika, akabonyeza vitufe vya milango yote miwili, akaifunga kwa haraka na kwenda msikitini kwa miguu, ufunguo ukining'inia pale pale kwenye gari. Aliporudi, Hasina alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono magotini, anavuta pumzi kwa mabega. Pumu haikuwa ngeni kwake, lakini hii haikushuka. Dirisha la kushoto lilikuwa limeachwa wazi upana wa kidole. Mwinyihaji alipitisha waya hapo, akakinasa kitufe, akakivuta, kikaja, mlango haukufunguka. Akakinasa tena. Majirani walisimama. Jiwe lilikuwa karibu na mguu wake, na aliliona. Akarudi kwenye waya. Aliendelea mpaka aliposikia, "Ondoka hapo," na mchi wa kinu ukapita kando ya sikio lake, ukaingia katikati ya neno jeupe. Aliyeushika ni Bi Mwanaima, aliyekuwa amekuja kumtembelea bintiye wiki ile. Walimtandikia Hasina leso juu ya vipande, wakaenda. Walipofika lango la hospitali alikuwa amekwisha acha kuvuta pumzi.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeutaja mchi, wala waya.

"Mwinyi," alisema Bi Mwanaima.

Hakuwahi kumwita hivyo. Mwinyihaji aliinua macho.

"Ulidhani nilikwenda kuuchukua ule mchi baada ya kuchoka kukungoja?"

"Ndivyo nilivyodhani, mama."

"Mchi nilikuwa nao tangu ulipoingiza waya mara ya kwanza. Nilisimama nyuma yako nimeushika kwa mikono miwili." Alikuwa akivisogeza vipande kwenye leso kwa kidole kimoja. "Nikasema moyoni, gari sasa ni lake, na huyu ni mkwe wangu. Nikimvunjia mbele ya majirani nitamfedhehesha. Nikamwacha ajaribu. Nikasema, labda safari hii."

Mwinyihaji alikisikia kila alichoambiwa. Alingojea kuumia. Hakuumia, ila masikio yalifunguka, kelele za barabarani zikaingia zote kwa pamoja: tuktuk, redio ya Elijah, mtu anapiga bati.

"Mimi jiwe nililiona," alisema. "Lilikuwa hapa, mguuni. Nikasema, kioo ni cha marehemu, alikiandika kwa mkono wake, na jina la Mungu limo. Nikikivunja na mama mkwe wangu amesimama, nitaonekana sina adabu."

"Kwa hiyo tulistahiana."

"Ndiyo, mama."

"Na yeye amekaa pale mkekani anatutazama."

"Ndiyo."

Dakika zile zingemfaa Hasina au zisingemfaa, ajuaye ni Mwenyezi Mungu peke yake. Hospitali hawakuambiwa hivyo wala hivi, na wao hawakuuliza. Bi Mwanaima alikunja upindo wa leso, akaufunga fundo, akalijaribu fundo kama limekaza.

"Niwie radhi, mwanangu," alisema, na mara hii alikuwa amemtazama usoni.

"Nimekuwia, mama. Nawe uniwie."

"Nimekuwia. Mungu naye atuwie sote."

Hadiya alitoka chini ya gari. "Bibi, nimeona kimoja, kina kidoti cheupe. Sikukishika."

"Ahsante, mamangu. Mwonyeshe babako."

Mwinyihaji alikwenda, akainama, akakitoa. Alipoinuka neno lile lilikuwa mdomoni, na hakujua limefikaje.

"Mama, sitaki Hadiya aende Majoreni."

Sauti yake haikupanda. Alilisema kama mtu anayeomba apishwe njia.

Bi Mwanaima alimgeukia. "Tangu lini hutaki?"

"Tangu uliposema."

"Na asubuhi ukaniitikia ndiyo, mama, sawa, mama."

"Nilikustahi."

"Subhanallah," alisema Bi Mwanaima, akashika kiuno na kuinuka kwa shida. "Bado tu."

Menza alirudi na kioo cha kushoto, Elijah nyuma yake akiapa kwamba hicho ndicho alichokusudia kuleta tangu mwanzo. Kioo kiliteremshwa ndani ya mlango kwa pembe, kikaketi kwenye reli yake, skrubu mbili zikakikaza chini. Mpira wa pembeni ulipakwa sabuni ili kiteleze. Menza akatia klipu mpya kwenye kile kichuma, akakivuta kitufe, na kufuli likaitika kwa mlio mfupi. Alifanya hivyo mara tatu ili Mwinyihaji asikie. Mwinyihaji alisikia mara zote tatu.

"Baba, hiki kinajua kushuka?" aliuliza Hadiya.

"Kishushe uone."

Alikishusha kwa mikono miwili, akakipandisha, akakishusha tena, mpaka Menza akamwambia akiendelea hivyo watarudi kesho. Kioo kilikuwa kitupu. Kupitia humo Ukunda yote ilionekana, hata yasiyostahili kuonekana.

Walinunua viatu, wakashika barabara ya kusini. Mvua iliwakuta kabla ya Msambweni, nyepesi, ikichirizika kwenye kioo kipya. Hadiya alikuwa amelala katikati, kichwa kwenye paja la bibi yake, karibu na lile fundo la leso. Mwinyihaji aliendesha. Alijua kwamba njia ya kuingia kwake iko mbele, na kwamba akiipita ndiyo safari ya Majoreni. Hakuambiwa lolote tangu karakana. Zamani angeipita, kwa adabu.

"Mama, niingie au nipite?" aliuliza.

"Ingia," alisema Bi Mwanaima. "Vipande hivi nataka vifukiwe uani kwa msikiti wenu. Marehemu aliswali pale. Majoreni ni mbali, vitanichoma."

Akaingia. Gari lilipanda matuta, likasimama mbele ya nyumba.

"Na mfuko wa Hadiya?"

"Ushushe."

"Na wako?"

"Na wangu. Nitakaa mpaka shule zifungwe, kisha tutaketi tuzungumze. Huenda nikasema aende, nawe useme hapana. Lakini useme, Mwinyi. Useme kwa mdomo."

"Nitasema, mama."

Alishusha mifuko miwili, akambeba mtoto, akamlaza. Alikwenda chumbani, na upande wa Hasina wa kitanda ulikuwa kama alivyouacha asubuhi. Hakulia. Aliutazama tu, muda mrefu kuliko siku nyingine. Kisha akatwaa jembe, kwani adhana ya alasiri ilikuwa imeanza na shimo lilitakiwa kuchimbwa kabla ya swala.

Bi Mwanaima alikuwa akimngoja kibarazani na fundo lake. Mwinyihaji alikipandisha kioo mpaka mwisho, akabonyeza kitufe, akafunga mlango. Kabla ya kufunga wa pili alisimama, akafumbua kiganja chake, akatazama. Ufunguo ulikuwa humo.