Spika Iliyoelekezwa kwa Nicanor

Mzee wa kanisa Wenceslao Tzoc alikuwa na hakika na mambo mawili: kwamba Mungu humrehemu amtakaye bila kuomba ushauri wa mtu, na kwamba kaka yake Nicanor alihitaji kusukumwa kidogo. Kwa hiyo alipanda mwenyewe juu ya paa la kanisa lao la Kipresbiteri, akaielekeza spika kwenye dirisha la Nicanor, ng'ambo ya shamba la vitunguu. Kwa miaka tisa injili iliingia jikoni mwa Nicanor kila Jumapili bila hodi. Wenceslao mwenyewe hakukanyaga pale, kwa sababu ya nguruwe.

Mwanzoni mwa miaka hiyo, nguruwe wa Nicanor aliingia kwenye mahindi ya Wenceslao, na hakutoka. Wiki ile kulikuwa na mkutano wa injili. Nyama ikatiwa kwenye tamale, vile vibunda vya unga wa mahindi vinavyopikwa ndani ya majani, wageni wakala wakashiba, na watu kumi na mmoja wakaokoka.

"Nenda kamwombe kaka yako msamaha," mkewe Eduviges alimwambia.

"Kwa jambo ambalo Bwana alilipanga kabla ya kuumba mbingu?"

"Na mdomo wa kuombea msamaha alikupangia. Huo mbona huutumii?"

Mvua za Mei zikaiua spika. Jumapili tatu zikapita kimya, kisha habari ikafika kwamba Alhamisi Nicanor angepasuliwa moyo katika hospitali ya mjini Xela. Wenceslao aliingiwa na hofu, maana alimpenda kaka yake kuliko alivyojua. Akakimbilia kwa mchungaji kuuliza fundi wa spika anakuja lini.

"Ijumaa," mchungaji alisema. "Miguu yako nayo imeharibika?"

"Mchungaji, kama ni mteule, Mungu atamfikia hata bila mimi."

"Kweli kabisa. Aliwahi kusema hata kwa kinywa cha punda. Lakini sisi punda hatuna, tuna wewe."

Jumatano mchana Wenceslao alivuka shamba la vitunguu, Biblia kwapani. Nicanor alikuwa mlangoni akipukuchua maharage, amekonda.

"Nilidhani umekufa," alisema. "Jumapili tatu sijaambiwa kwamba mimi ni mwenye dhambi."

"Spika ndiyo iliyokufa, kaka."

"Afadhali. Mbwa wangu ameanza kupata usingizi."

Wenceslao alifungua Biblia, akaanza habari za yule nabii aliyemezwa na samaki, kwa sauti ya mimbarini.

"Usinipigie kelele, niko hapa hapa," Nicanor alisema. "Hiyo naijua. Mji unatubu, nanyi mnaimba. Nabii je? Yeye hamumsemi."

"Alinuna," Wenceslao alikiri. "Hakutaka watu wale wahurumiwe. Alitaka kutangaza tu, kisha aondoke zake."

"Kutangaza, kisha aondoke zake," Nicanor alirudia, akitazama paa la kanisa.

Wenceslao aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akaifunga Biblia.

"Kaka, nguruwe wako nilimchinja mimi. Si Bwana. Nisamehe."

Nicanor alimalizia kupukuchua ganda lililokuwa mkononi.

"Nilijua tangu siku ile. Tamale zilinukia hadi hapa. Miaka tisa nimeisikiliza spika yako nikingoja neno hilo moja." Akamsogezea kigoda kwa mguu. "Nimekusamehe. Sasa kaa, unisomee mwisho wake."

Wenceslao aliifungua tena Biblia, akasoma polepole jinsi Mungu alivyomuuliza nabii kama haikumpasa Yeye Mungu kuuhurumia mji mkubwa namna ile, wenye watu wasiojua kulia wala kushoto, na wanyama wengi pia. 

"Na wanyama?" Nicanor aliuliza.

"Na wanyama."

"Hata nguruwe?"

"Naona hata nguruwe, kaka."

Nicanor alicheka mpaka akajishika kifua. Wenceslao alishtuka, akaukamata mkono wake, na kicheko kilipokwisha hakuuachia.

"Kesho basi linaondoka alfajiri," Nicanor alisema. "Utanisindikiza."

"Nitakusindikiza. Wala sitahubiri njiani."

"Hubiri," Nicanor alisema. "Lakini kwa sauti hii."