Kampuni Haikuja Msaragambo

Usiku wa kuamkia leo niliota simu yangu inakohoa. Naandika upesi kabla sijasahau, ili wewe mama mwenzangu usome ujihadhari.

Ilikohoa, ikasema, "Mama Nakijwa, nina toleo jipya. Bonyeza Nakubali."

"Nakubali nini?"

"Ni maneno mengi. Ukianza kuyasoma, maharage yataungua."

Ni kweli nilikuwa nimeinjika maharage. Nikabonyeza.

Pale pale akaingia mwanangu Nakijwa, akamwona kuku amevaa soksi. Kuku wetu wote walivaa soksi na hakuna aliyeshangaa isipokuwa yeye. Akafungua mdomo acheke. Ikatoka sauti kama ya redio: "Ofa! Ofa! Jiunge leo, vigezo na masharti kuzingatiwa!"

Nikamwambia, "Mwanangu, cheka vizuri."

Akajaribu tena. Likatoka tangazo la sabuni. Machozi yakamlenga. "Mama, kicheko changu kimekwenda wapi?"

Simu ikanitangulia kujibu. "Ni mali ya Kampuni sasa. Mama yako amekubali."

Mtoto asiye na kicheko chake utamjuaje kama ni mzima? Mimi homa ya Nakijwa huijua kwa kicheko, kabla hata sijamgusa paji la uso. Mwenzangu, nakusihi, usibonyeze kitu na maharage yako motoni.

Nageuka, jiko halipo. Nimesimama juu mlimani kwenye ndiva, lile bwawa letu la kukingia maji ya mfereji. Limekauka. Pembeni kuna ghala la bati, refu kama treni, na ndani mashine zinanyonya maji kwa mirija na kubeua. Mlangoni imesimama tai, hii ya kuvaa shingoni, lakini shingo hakuna na mtu hakuna.

"Shikamoo," naiambia, maana imekaa kiofisi.

"Karibu mteja. Umekuja kukubali nini?"

"Nimekuja kuchukua kicheko cha mwanangu."

"Kipo ndani, salama kabisa. Tunakitumia kuzifundisha mashine kucheka. Zikishajua, tutakukodishia."

"Unikodishie kicheko nilichokizaa mwenyewe? Na maji yetu je?"

"Mashine zinapata joto, mama. Kucheka ni kazi nzito."

Nikapuliza baragumu. Sijui lilitoka wapi, lilikuwa ndani ya kanga. Huku kwetu Upareni baragumu likilia ujue ni msaragambo: kila nyumba inayotumia mfereji inatoa mtu na jembe kwenda kuusafisha. Asiyetokea, watu wanakwenda kwake kubeba sufuria, na hairudi mpaka aje afanye kazi. Hata mke wa mchungaji alishabebewa sufuria, na wali ukiwa ndani.

Watu wakaja. Mbele yao alikuwa Mzee Kanankira, mwenyekiti wa mfereji, jirani yangu wa upande wa juu. Kumbe naye alibonyeza. Alipotaka kucheka kidogo kunisalimia, likamtoka tangazo la mafuta ya nywele, na mzee mwenyewe kichwa chake kinang'aa kama sahani.

Mama Elineema, ambaye hajui kuogopa, akaisogelea ile tai, mkono kiunoni. "Wewe, mnatumia mfereji?"

"Kampuni inatumia."

"Msaragambo mlikuja?"

"Hatukupata taarifa kwa barua pepe."

"Hee! Mnajua mpaka rangi ya gauni ninalolitamani, baragumu ndiyo hamkulisikia?"

"Hawakuja," akatangaza Mzee Kanankira. "Bebeni sufuria."

Tukaingia, tukabeba mashine kubwa kuliko zote. Tai ikatufuata inalia, "Hiyo siyo sufuria!" Mama Elineema akaikagua akiwa anatembea. "Ina mfuniko, inapata moto, inakula maji. Ni sufuria. Pisha njia."

Sasa tuko nyumbani na mashine inaomba maji. Mzee anaipa kikombe kimoja kama mtu yeyote, na kuiambia kuanzia leo iko chini ya kamati ya mfereji. Itatukumbusha zamu za maji na siku za chanjo, na ikitaka kitu cha mtu, ikamwombe mwenyewe kwa mdomo, kwa heshima.

"Sawa," inasema mashine. "Kule nako nilikuwa nimechoka."

Tatizo likawa kugawa vicheko. Vilikuwa vimechanganyika humo, vinapigapiga mfuniko. Sisi tunajua njia moja tu ya kugawana. Tukavimimina mferejini. Wa juu akinge chake, kinachofuata kiteremke kwa wa chini, hivyo hivyo mpaka bondeni, kila mtu na lango lake la tope na vipande vya mgomba.

Watu wanainama, wanakinga. Mimi nafuata baada ya Mzee Kanankira. Namwona anahangaika, mgomba unamteleza mikononi.

"Mzee, kinga! Hicho ni chako, kinapita!"

"Usinifundishe mfereji, wewe! Nilianza kukinga hujazaliwa!"

Kicheko kinafika kwangu, na kwa haraka sikitazami ni cha nani. Nakifunga ndani ya kanga, nakimbia nacho kwa Nakijwa, nammiminia kinywani, na papo hapo nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nakijwa alikuwa amekaa kitandani ananitazama, maana nimekumbatia mto na kanga imenizonga shingo. Akashindwa kujizuia, akacheka.

Halikuwa tangazo, namshukuru Mungu. Kilikuwa kicheko kizito cha kukwaruza, kilianzia tumboni kikaishia kwenye kikohozi, na mwishoni mtoto akajipiga paja.

Nikafungua dirisha. Ng'ambo ya ua Mzee Kanankira alikuwa anapiga mswaki, mbuzi wake kamvuta shati kwa nyuma. "Hi hi hi hi!" kikamtoka chembamba, cha chekechea kabisa. Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mswaki ukaanguka.

Tukatazamana.

"Mzee," nikamwambia, "tafadhali usicheke tena. Namleta mtoto sasa hivi."